Kiwanja cha Ndege cha Mombasa na Riziki za Watu wa Pwani

Mtu atokaye kisiwani Mombasa kwenda bara huvuka Makupa, akafika Changamwe, na akishika njia ya mkono wa kushoto hufika Port Reitz, mahali palipo kiwanja cha ndege. Jina hilo ni la zamani kuliko eropleni yoyote. John James Reitz alikuwa afisa wa manowari za Kiingereza, aliyeachwa Mombasa na Kapteni Owen mwaka 1824, wakati Wamazrui walipotaka ulinzi wa Waingereza. Hakukaa sana. Alikufa kwa homa mwaka ule ule, na jina lake likabaki kwenye ghuba.

Ndege zilifika Mombasa kabla ya vita. Shirika la Wilson Airways, lililoanzishwa Nairobi mwaka 1929 na Bibi Florence Kerr Wilson, lilichukua abiria na barua mpaka Pwani. Tangu mwaka 1937 zilikuja pia ndege kubwa za Imperial Airways zilizotua juu ya maji, zikipitia Kisumu, Mombasa, Dar es Salaam na Lindi katika safari ya kwenda Durban. Lakini kiwanja chenyewe cha Port Reitz ni mtoto wa Vita Kuu ya Pili. Kilijengwa na wahandisi wa jeshi la Afrika Kusini, na mwaka 1942, manowari za Waingereza zilipoondoka Ceylon kuwakimbia Wajapani na kuja Kilindini, haja ya kiwanja ilizidi. Vita vilipokwisha, shirika la East African Airways lilianza kazi mwaka 1946, likaendelea hadi lilipovunjika mwaka 1977.

Msomaji ajuaye habari za majahazi atapendezwa na jambo moja la kiwanja hiki. Jahazi husukumwa na upepo kwa nyuma, lakini eropleni hutaka upepo wa mbele, ili mabawa yake yapate nguvu ya kuinuka upesi. Kwa sababu hiyo njia ya kurukia haijengwi popote palipo tambarare tu, bali hulazwa kufuata pepo za nchi. Mwisho mmoja wa njia kubwa ya Mombasa umeandikwa nambari 03, na mwisho wa pili 21. Hizo ni digrii za dira zilizokatwa sifuri ya mwisho, yaani 30, ambayo ni upande wa kaskazini-mashariki, na 210, upande wa kusini-magharibi. Kaskazi ukivuma, kama Desemba hadi Machi, rubani huelekea upande wa 03 na kukutana nao uso kwa uso. Kusi ukishika, hugeuka akatumia upande wa pili. Iko pia njia fupi, ya mita 1,260 hivi, iliyolazwa kuelekea kusini-mashariki, nayo hufaa ndege ndogo. Hivyo nahodha mzee wa Bandari ya Kale angeweza kumwambia rubani upande wa kurukia bila kutazama dira.

Mwaka 1979 kiwanja kilipanuliwa kikawa cha kimataifa, kikapewa jina la Rais Daniel arap Moi. Njia kubwa ina mita 3,350, yaani zaidi ya maili mbili, hata ndege kubwa zaweza kutoka Ulaya na kutua Mombasa pasipo kupitia Nairobi. Hapo ndipo mambo ya Pwani yalipobadilika, kwa wema na kwa hatari.

Watu wengi hudhani kwamba kiwanja cha ndege ni kitu cha matajiri. Dhana hiyo si sawa. Pale pale Changamwe, kando ya njia ya kiwanjani, kipo chama cha ushirika cha wachongaji wa Kikamba kilichoanzishwa mwaka 1963, na vinyago vyao hununuliwa zaidi na wageni. Wako wapishi na madereva, wako wavuvi, na wako wakulima wa Wundanyi, katika milima ya Taita, ambao mboga zao huuzwa Mombasa. Wengi wa hao hawajapanda ndege maisha yao yote, lakini ndege zisipotua, huhisi mifukoni.

Wameyaona hayo mara nyingi. Tarehe 28 Novemba 2002, makombora mawili yalirushwa kwa ndege ya Waisraeli iliyokuwa ikiondoka kiwanjani. Yalikosa. Asubuhi ile ile hoteli moja ya Kikambala ililipuliwa, wakauawa Wakenya 10 na Waisraeli 3. Mwezi wa Mei 2003 Uingereza ikazuia mashirika yake kuruka Kenya kwa majuma kadha. Tena Mei 2014 Serikali hiyo iliwaonya raia wake wasikae Mombasa na ufuo wake. Ajabu ni kwamba Diani na kiwanja chenyewe havikutajwa katika onyo lile, lakini makampuni ya safari yaliwarudisha kwao mamia ya wageni, kwani njia ya kawaida kutoka Diani hadi kiwanjani ilikuwa kuvuka Likoni na kupita mjini. Neno lililoandikwa London lilizima meko Pwani.

Mwaka 2020, kwa ajili ya ugonjwa wa Korona, safari za abiria kutoka ng'ambo zilisimamishwa tangu tarehe 25 Machi. Ndege za ndani ya nchi ziliruhusiwa tena tarehe 15 Julai, na za nje tarehe 1 Agosti. Kaskazi ulipoanza kuvuma mwishoni mwa mwaka, Wazungu walikuwa wachache. Vitanda vya hoteli vililaliwa zaidi na Wakenya wa bara, na wengi wao hawakupitia Port Reitz kamwe, bali waliteremka Miritini kutoka katika gari la moshi.