Harufu Iitayo Dumuzi Ghalani

Mahindi ya mashamba ya tambarare yakishavunwa, mengi hupandishwa Kiboriloni na vijiji vya mlimani, ama kwa kuuzwa sokoni, ama kuwekwa akiba. Ndani ya gunia moja aweza kuwamo dumuzi, mdudu mweusi wa milimita 3 hadi 4, ambaye kichwa chake kimeinama hata hakionekani kwa juu.

Asili yake ni Amerika ya Kati. Alitambuliwa mkoani Tabora mwanzoni mwa miaka ya 1980, ambako wapo wakulima waliopoteza zaidi ya asilimia 30 ya uzito wa mahindi yao katika miezi michache. Wengine walimwita Scania.

Dumuzi hawakusanyiki kwa bahati. Dume akipata mahindi yanayomfaa, huyatoboa na kutoa mwilini kemikali yenye harufu. Hewa huichukua, na dumuzi wengine, madume kwa majike, huifuata. Kemikali za namna hii huitwa feromoni. Ya kwanza kutambuliwa ilikuwa ya nondo wa hariri, mwaka 1959, ambapo Adolf Butenandt na wenzake nchini Ujerumani walitumia nondo wapatao 500,000.

Siku hizi harufu ya dumuzi hutengenezwa na wataalamu na kutiwa katika mitego. Lakini ifahamike kwamba mtego huleta habari tu, hausafishi ghala. Tena yafaa uwekwe mbali na ghala, la sivyo utawaita wadudu pale pale panapolindwa.

Mwito huo husikiwa na adui pia. Mbawakawa aitwaye Teretrius nigrescens, alaye mayai na mabuu ya dumuzi, huifuata harufu hiyo hiyo. Aliachiliwa Togo mwaka 1991 na Kenya mwaka 1992. Hata hivyo, hakummaliza dumuzi.

Kwa hiyo kazi kubwa imebaki mikononi mwa wanachama. Dume mmoja aliyesalia katika punje za mwaka jana atosha kuanzisha mwito. Makatibu wahakikishe kwamba kabla ya mavuno mapya ghala limefagiwa, mabaki yamechomwa, magunia yamekaguliwa, na boriti pia, kwani dumuzi hutoboa hata mbao. Mahindi yakaushwe vema, yapukuchuliwe, kisha yachanganywe na dawa ya unga iliyoidhinishwa, kwa kipimo kilichoandikwa. Ghala lisilo na mabaki halina wa kuita.