Vita, Mapenzi na Kasi ya Nuru

Mwaka 1974 mwandishi wa Kimarekani Joe Haldeman alitoa riwaya iitwayo The Forever War, yaani Vita vya Milele. Haldeman alikuwa amesomea fizikia na elimu ya nyota, kisha akapelekwa vitani Vietnam, ambako alijeruhiwa. Fizikia na vita ndivyo vilivyozaa hadithi ya askari wawili, William Mandella na Marygay Potter, wanaopendana huku binadamu wakipigana na Wataurani, viumbe watokao mbali angani.

Risasi za adui zinawatisha wapenzi hao, lakini wakati unawatisha zaidi. Katika safari zao za kwanza wanazeeka miaka michache tu, ilhali duniani imepita zaidi ya miaka 20. Wanaporudi nyumbani hawaitambui dunia yao, wala dunia haiwatambui. Wanaamua kurudi jeshini.

Msingi wa jambo hilo ni wa kweli. Mwaka 1905 Albert Einstein alionyesha kwamba saa iliyomo katika chombo chenye kasi kubwa huenda polepole ikilinganishwa na saa iliyobaki nyumbani. Abiria hahisi lolote, kwani moyo wake nao hufuata saa hiyo hiyo. Hesabu yake si ngumu. Chukua kasi ya chombo kama sehemu ya kasi ya nuru, uizidishe kwa yenyewe, utoe jibu katika 1, kisha utafute kipeuo cha pili. Kwa kasi ya 0.8 ya nuru, kinachobaki ni 0.36, na kipeuo chake ni 0.6. Hivyo ikipita miaka 10 duniani, msafiri huzeeka miaka 6.

Ushahidi uko juu ya vichwa vyetu. Miali itokayo anga za mbali inapogonga hewa, huzaa chembe ziitwazo miuoni, kilometa 10 au zaidi juu ya ardhi. Muoni uliotulia huishi kwa wastani sehemu 2.2 tu za milioni ya sekunde, muda ambao hata nuru haiwezi kupita meta 660. Hata hivyo miuoni mingi hufika ardhini, kwa kuwa kasi yake kubwa huirefushia maisha. Mwaka 1971 Joseph Hafele na Richard Keating walizungusha saa za atomi duniani kwa ndege za abiria. Saa hizo zilirudi zikiwa zimehitilafiana na zile zilizobaki, kama nadharia ilivyotabiri.

Turudi kwa wapenzi wetu. Mandella anapoteza mguu na Marygay mkono. Wanapopona, jeshi linawapangia vikosi tofauti. Kwa askari wa kawaida, hayo yangekuwa majonzi ya kutengana. Kwao ni sawa na kifo, maana safari zao hazilingani: mmoja aweza kurudi wakati mwenziwe ameshazikwa karne kadhaa.

Mandella anaporudi, vita vimekwisha, baada ya miaka 1143. Anaambiwa kwamba vilianza kwa kutoelewana na vikaendelea kwa sababu pande mbili hazikuweza kuzungumza. Kisha anapewa barua iliyoandikwa zaidi ya miaka 200 kabla. Marygay na wenzake wamenunua chombo, nao wanakwenda na kurudi angani kwa kasi mno. Kila ikipita miaka 10, yeye huzeeka kama mwezi mmoja. Anamngojea.

Mwanafunzi na aihakiki barua hiyo. Miaka 10 ni miezi 120. Ili yote iwe mwezi mmoja, chombo hakina budi kupungukiwa na kasi ya nuru, ambayo ni karibu kilometa 300,000 kwa sekunde, kwa kilometa 10 hivi tu kwa sekunde. Hakuna mtambo wetu uwezao hayo. Njia za mkato kupitia nyota zilizoporomoka, wanazozitumia askari hao, nazo ni ubunifu mtupu. Lakini saa ya Marygay inafuata kanuni ile ile ya miuoni. Kanuni hiyo haina huruma wala chuki. Jeshi liliwatenga wapenzi nayo bila kujali. Mwanamke aliyeielewa akaitumia kumsubiri mpenzi wake.