Rangi Tatu na Mvuke Usioonekana

Akina mama wenzetu, mtu atachoraje kitu kisichoonekana? Swali hilo lilitupata tulipotaka kuwachorea watoto picha ya kuwaonya juu ya zebaki. Katika machimbo madogo ya Geita, na ya Kahama mkoani Shinyanga, zebaki huchanganywa na mchanga uliosagwa ili inase dhahabu. Kisha donge lile huchomwa, zebaki ikapaa na dhahabu ikabaki. Wengine huchomea nyumbani, kwenye jiko lile lile la mkaa linalopikia ugali. Mvuke wake hauna rangi wala harufu, lakini hudhuru mapafu, ubongo na mishipa ya fahamu, na humfikia hata mtoto aliye tumboni.

Tulikuwa na rangi tatu tu za maji: njano, nyekundu na buluu. Mwenzetu mmoja alilalamika kwamba hakuna nyeusi. Tukamwambia mkaa uko jikoni. Bayeye, wacheza nyoka wa Usukumani, ambao picha zao za ukutani Hans Cory aliziandikia kitabu mwaka 1953, nao walichora kwa rangi chache. Hata kitenge ulichojifunga kilipigwa chapa rangi moja baada ya nyingine.

Siri ni kulaza rangi moja juu ya nyingine, zikiwa nyepesi kama chai ya maji mengi. Tulianza na njano: ukuta, miali ya moto, gauni la mtoto. Sahani ya ugali hatukuigusa, weupe wa karatasi ulitosha. Ilipokauka tukapitisha nyekundu: juu ya miali ikatoa rangi ya chungwa, na peke yake ikawa kitenge cha mama. Mwisho buluu, hafifu sana, kwa brashi pana, kutoka kwenye karai la kuchomea hadi kitandani. Penye ukuta wa njano pakawa kijani, penye kitenge chekundu pakawa zambarau, na ugali ukawa wa buluu. Kila kilichoguswa na mvuke kiligeuka rangi.

Picha yetu ya kwanza tuliiharibu kwa haraka. Nyekundu ilikuwa bado mbichi, tukapata rangi ya tope. Sasa tunagusa karatasi kwa mgongo wa mkono: ikiwa ya baridi, bado ina maji. Tena brashi ipite mara moja tu, ukisugua utaamsha rangi ya chini.

Mtoto mmoja alipoiona aliuliza, "Mbona ugali wao ni wa buluu?" Mama yake alinyamaza. Baadaye alitueleza kwamba baba watoto huchomea dhahabu jikoni.

Tanzania iliridhia Mkataba wa Minamata mwaka 2020, na mkataba huo unataka uchomaji kwenye makazi ukomeshwe. Kipo chombo cha chuma kinachofungwa, chenye bomba la kupoza mvuke urudi kuwa zebaki. Nacho kitumike nje, mbali na nyumba, na mama mjamzito na watoto wasikaribie.

Ndiyo maana tulichora picha ya pili. Humo buluu tumeifungia ndani ya bomba, mbali kule nyuma ya miti. Ukuta umebaki wa njano, na ugali ni mweupe.