Utani na Ugeni: Misingi ya Maelewano baina ya Jamii Tofauti Nchini Tanzania

1.0 Utangulizi

Mjadala kuhusu chuki dhidi ya wageni aghalabu hujengwa juu ya dhana kwamba watu huchukiana kwa sababu hawafahamiani. Kutokana na dhana hiyo hupendekezwa dawa moja: watu wafundishwe mila za wenzao, watazame ngoma zao na waonje vyakula vyao, na chuki itatoweka yenyewe. Makala haya yanakusudia kuonyesha kwamba maelezo hayo hayatoshelezi. Kwa kutumia mifano miwili kutoka Tanzania, yaani utani wa makabila na hali ya wakimbizi wa Burundi waliongia nchini mwaka 1972, inajadiliwa kwamba maelewano baina ya jamii husimama juu ya haki na wajibu unaotambulika, na kwamba ukaribu wa utamaduni peke yake haumlindi mgeni.

2.0 Dhana ya Mgeni katika Kiswahili

Kiswahili hutumia neno moja, mgeni, kwa mtu aliyekuja kutembelea, kwa mtu asiyejulikana, na kwa mtu atokaye nchi nyingine. Jambo geni, vilevile, ni jambo lisilozoeleka. Kwa hiyo ndani ya neno hilohilo mna heshima na mna shaka.

Methali zimezihifadhi pande zote mbili. "Mgeni njoo, mwenyeji apone" humwona mgeni kuwa ni baraka kwa nyumba. "Mgeni siku mbili, siku ya tatu mpe jembe" huwekea ukarimu kikomo. Methali hii ya pili imezoeleka kufasiriwa kuwa ni onyo kwa mgeni mzembe. Hata hivyo, ina maana nyingine isiyopasa kupuuzwa. Anayepewa jembe hana budi kuonyeshwa pia mahali pa kulima. Jembe ni mzigo, lakini ni kibali pia: humtoa mgeni katika hali ya kulishwa na kumwingiza katika kundi la wanaowajibika. Mgeni asiyepewa jembe hubaki mgeni, hata akae miaka arobaini.

3.0 Utani kama Mkataba

Katika mafunzo ya fasihi simulizi, utani mara nyingi huorodheshwa miongoni mwa mazungumzo na mizaha. Mtazamo huo ni sahihi kwa upande wa lugha, lakini huficha upande wa pili. Katika makala yake ya mwaka 1940, A. R. Radcliffe-Brown alieleza uhusiano wa aina hii kuwa ni muungano wa urafiki na uhasama, ambamo dharau huruhusiwa na anayetaniwa hatakiwi kukasirika. R. E. Moreau naye, mwaka 1944, aliandika juu ya utani katika Tanganyika, akionyesha jinsi ulivyounganisha makabila mengi.

Maelezo yanayotolewa kuhusu asili ya utani wa makabila hutaja mambo mawili hasa: vita na safari. Wahehe na Wangoni, ambao ni watani mashuhuri, walipigana vita vikali kati ya mwaka 1878 na 1882. Wanyamwezi kwa upande wao walifika pwani katika karne ya 19 wakiwa wapagazi wa misafara, nao ni watani wa Wazaramo. Katika hali zote mbili, watu waliokutana hawakuwa na lugha moja wala ukoo mmoja. Mpagazi aliyefia njiani hakuwa na ndugu karibu wa kumzika. Mshindi na mshindwa wa vita walihitaji njia ya kukutana tena bila kushika silaha.

Utani ulijibu mahitaji hayo kwa masharti matatu. Kwanza, ni wa pande mbili: anayetania hutaniwa, na haki ya kujibu haiondolewi. Pili, una wajibu: katika msiba, mtani hushiriki kazi nzito za mazishi, kama vile kuchimba kaburi, na wakati huohuo huruhusiwa kuchekesha, kuiga mwenendo wa marehemu na kudai malipo kwa wafiwa. Tatu, una mipaka: si kila mtu ni mtani wa kila mtu, wala si kila neno huwa utani.

Masharti hayo hueleza kwa nini tofauti za kabila hazifichwi katika utani, bali hutajwa waziwazi. Mhehe huambiwa kwamba kabila lake hula mbwa, naye hucheka na kurudisha neno lililo kali zaidi. Tofauti hazikuondolewa, zilipewa mahali pa kukaa. Anayekutania leo ndiye atakayechimba kaburi lako kesho, na ujuzi huo ndio unaoyapunguzia maneno sumu.

4.0 Ugeni Unaotokana na Sheria

Ikiwa tofauti za utamaduni ndizo chanzo cha chuki, basi pale ambapo tamaduni zinafanana ugeni ungepaswa kuwa mwepesi. Historia ya magharibi ya Tanzania haithibitishi hivyo. Kiha, kinachosemwa mkoani Kigoma, na Kihangaza, kinachosemwa wilayani Ngara, ni lugha zilizo karibu sana na Kirundi. Mrundi na Muha huelewana kwa urahisi kuliko walivyoweza kuelewana Mhehe na Mngoni wa karne ya 19.

Pamoja na ukaribu huo, wakimbizi walioingia kutoka Burundi mwaka 1972 walipangiwa kuishi katika makazi maalumu ya Katumba, Mishamo na Ulyankulu. Katika makazi hayo walipewa ardhi wakalima, na watoto wao walizaliwa na kusomeshwa nchini. Walikuwa wamepewa jembe, lakini si haki zote ziendazo na jembe. Mwaka 2010 Serikali ya Tanzania iliwapa uraia watu zaidi ya 162,000 miongoni mwao, hatua ambayo ni nadra katika historia ya wakimbizi duniani. Hata hivyo, ugawaji wa vyeti vya uraia ulichelewa hadi Oktoba 2014, kwa kuwa hapo awali walitakiwa kwanza kuhama makazi hayo na kutawanywa mikoani, sharti ambalo baadaye liliachwa.

Mfano wa kinyume ulitokea mwaka 2013, katika operesheni ya kuwaondoa wahamiaji haramu iliyojulikana kama Operesheni Kimbunga. Maelfu ya watu waliondoka mkoani Kagera na mikoa jirani. Miongoni mwao walikuwamo waliokaa nchini kwa miongo kadhaa, wakaoa au kuolewa na wenyeji. Ujirani ulikuwapo, na lugha ilikuwapo. Kilichokosekana ni hati.

Hapa ndipo mpaka wa utani unapodhihirika. Neno la kejeli likitamkwa na jirani katika msiba huweza kuwa utani. Neno lilelile likitamkwa na mwenye mamlaka ya kuamua nani abaki na nani aondoke si utani tena, kwa maana anayeambiwa hana uwezo wa kujibu. Sharti la kwanza la mkataba limevunjika, na pamoja nalo maana yote ya mzaha.

5.0 Hitimisho

Makala haya hayakusudii kudai kwamba utani wa karne ya 19 unaweza kuhamishwa kama ulivyo hadi katika dola ya leo. Utani ulizaliwa baina ya makundi yaliyokuwa na nguvu za kujibizana, ilhali mkimbizi hukabili dola akiwa mtu mmoja asiye na nguvu hizo. Lakini kanuni iliyomo ndani yake ingali na thamani. Elimu ya utamaduni ina manufaa yake. Hata hivyo, hufundisha jinsi mgeni anavyoishi, haiamui kama anaruhusiwa kuishi nasi. Suala hilo la pili huamuliwa na wajibu unaokubaliwa na majirani na haki inayokubaliwa na sheria, na upande mmoja ukikosekana wa pili huyumba. Watafiti wa fasihi simulizi na isimujamii wana nafasi ya pekee katika jambo hili, iwapo watauchunguza utani si kwa kukusanya vichekesho tu, bali kwa kuuliza pia nani ana haki ya kujibu.