Mizani Mbele ya Kompyuta

Katika vitivo vya lugha husemwa mara nyingi kwamba kompyuta ni mambo ya wahandisi, nasi tubaki na fasihi yetu. Siafiki. Pale sanaa na kompyuta zinapokutana, mwanalugha ndiye mwenye kazi ngumu zaidi, na nitaeleza kwa nini.

Uwanja huu si wa jana. Mwaka 1952, mjini Manchester, Uingereza, Christopher Strachey aliandikia kompyuta ya Ferranti Mark 1 programu ya kutunga barua za mapenzi. Mashine ilichagua maneno kwa bahati nasibu, ikayapachika katika sentensi zilizoandaliwa tayari. Barua zenyewe zinachekesha kuliko kutongoza. Mwaka 1959, huko Stuttgart, Ujerumani, Theo Lutz alifanya jambo la namna hiyo kwa maneno aliyoyatoa katika riwaya ya Franz Kafka.

Kwetu tunaosoma Kifaransa, mfano ulio karibu zaidi ni Raymond Queneau. Mwaka 1961 alichapisha soneti 10 ambazo kila mstari wake umekatwa kuwa ukanda wa karatasi unaofunuliwa peke yake. Soneti ina mistari 14, kwa hiyo msomaji anaweza kupata mashairi ambayo idadi yake ni 1 yenye sifuri 14 nyuma yake. Kompyuta haimo humo. Kilichomo ni hesabu, na mshairi aliyehakikisha kwamba kila mstari unakubali kukaa na mwingine wowote kwa vina na kwa sarufi. Bila kazi hiyo ya pili, mkasi ungetoa takataka.

Sasa tulete jambo hili kwenye Kiswahili. Shida ya kwanza ni upatanisho: ukibadilisha nomino moja, sentensi nzima inageuka nayo. Hiyo si shida kubwa, maana ngeli zinaandikika kama kanuni. Mizani ndiyo iliyonishughulisha wiki kadhaa, mimi na mwenzangu mmoja anayejua kuandika programu.

Tulitaka mashine ipime vipande vya mizani 8, kama vya utenzi. Kiswahili kinaonekana chepesi hapa: silabi zake huishia kwa irabu, basi hesabu irabu. Nilitunga vipande viwili vya kupimia:

Mtu mbaya hafai
Nyumba mbaya haifai

Sikio linasikia mizani 8 katika kila kimoja. Mashine inayohesabu irabu tu inatoa 6 kwa cha kwanza na 8 kwa cha pili. Tukaongeza kanuni kwamba kila «m» iliyo mbele ya konsonanti ihesabiwe pia: cha kwanza kikawa 8, cha pili kikapanda hadi 10. Neno «mbaya» limeandikwa kwa herufi zile zile, lakini likifuata «mtu» lina silabi tatu, m-ba-ya, na likifuata «nyumba» lina mbili, mba-ya. Tofauti imo katika ngeli. Mashine haiwezi kupima ubeti kabla ya kujua sarufi, na sarufi hiyo haiipati katika herufi.

Hapa ndipo Kiswahili chetu cha mashariki ya Kongo, ambacho wengi hukionea haya darasani, kinasaidia. Nyumbani twasema «mutu mubaya», lakini «nyumba mbaya» hubaki vile vile. Irabu ambayo maandishi sanifu yameificha, sisi tunaitamka. Andika ubeti kwa matamshi hayo, na kanuni ya kwanza kabisa, ile ya kuhesabu irabu, inatoa 8 na 8. Ndivyo ilivyo pia kwa «inchi» na «imbwa»: wenye kusema hivyo wanaonyesha wazi kwamba «nchi» na «mbwa» vina silabi mbili, sawa na «mbu».

Kwa hiyo sasa hatuipi mashine ushairi kwanza. Tunaiandalia orodha yenye safu mbili, neno sanifu upande mmoja na tamko la kwetu upande wa pili, na mizani huhesabiwa katika safu ya pili. Tumemaliza vivumishi. Nomino za ngeli ya M-/MI- zimeanza wiki hii, na «mbuni» tayari imetusimamisha: ndege mwenye mbio ana silabi mbili, mti wa kahawa una tatu.