Vumbi, Nyasi na Joto la Injini: Kwa Nini Tusafishe Chini ya Boneti

Gari likirudi kutoka safari ndefu ya barabara ya udongo, mwenyewe huliosha mwili, vioo na magurudumu mpaka ling'are, kisha akaridhika. Ni wachache wanaofungua boneti na kutazama safari imeacha nini ndani yake: vumbi jekundu lililogandamana na mafuta, mbegu za nyasi, majani makavu, mabawa ya kumbikumbi, na pengine udongo mweusi wa mbuga uliokauka ukawa mgumu kama tofali. Takataka hizo hazionekani na wapita njia, nazo ndizo zenye madhara makubwa kuliko tope la milangoni. Katika makala haya tutaeleza madhara hayo hutokeaje, na jinsi mtu awezavyo kuziondoa nyumbani kwake bila kuharibu kitu wala kujidhuru.

Tuanze na hesabu ndogo. Lita moja ya petroli ikiungua hutoa nishati ya jouli milioni 32 hivi. Gari dogo linalokwenda kilometa 80 kwa saa, likitumia lita 8 katika saa hiyo, huzalisha jouli milioni 256, yaani wastani wa wati 71,000. Katika nishati hiyo, sehemu ipatayo robo au theluthi tu ndiyo inayosukuma gari. Theluthi nyingine hutoka na moshi, na iliyobaki, kama wati 24,000, hupokewa na maji yanayozunguka injini. Kiasi hicho ni sawa na mabirika ya umeme 12, kila moja la wati 2,000, yakichemsha maji kwa pamoja. Ikiwa mtambo una lita 6 za maji, na joto hilo lisipate pa kutokea, maji yangepanda karibu digrii moja kila sekunde, tukiacha kuhesabu joto linalomezwa na chuma cha injini.

Kazi ya kulitoa joto hilo ni ya rejeta. Maji ya moto hupita katika mirija yake myembamba, na mirija hiyo imeshikwa na vibati vingi vilivyopangwa karibu karibu ili hewa iguse eneo kubwa. Kwa hiyo, ingawa twasema kwamba injini hupozwa kwa maji, ukweli ni kwamba maji ni mchukuzi tu. Anayeupokea mzigo mwishoni ni hewa.

Hapa ndipo takataka zinapoingia katika hesabu. Kilo moja ya hewa huhitaji jouli 1,000 hivi ili kupanda digrii moja ya Sentigredi. Tuseme hewa ya nje ina digrii 30, nayo hutoka nyuma ya rejeta ikiwa na digrii 60. Ili ibebe jouli 24,000 kila sekunde, yatakiwa zipite kilo 0.8 za hewa, ambazo ni kama lita 700, katika kila sekunde. Sasa tuseme mbegu za nyasi na tope vimeziba njia hata hewa ikapungua nusu. Hewa hiyo kidogo italazimika kupanda digrii 60, itoke ikiwa na digrii 90. Lakini joto haliendi lenyewe kutoka penye ubaridi kwenda penye moto. Hewa haiwezi kutoka na digrii 90 iwapo maji yenyewe yana digrii 85. Hivyo maji hayana budi kupanda mpaka yaizidi hewa, na yakifika huko yamekaribia kuchemka.

Dereva anaweza asitambue lolote kwenye tambarare, kwa kuwa mwendo wa gari huleta upepo wa kutosha. Taabu huanza kwenye mwinuko mrefu kama Kitonga, mkoani Iringa, ambapo injini hufanya kazi kubwa na gari hujikokota polepole. Hapo maji huchemka, kichwa cha silinda hupinda kwa joto, gasketi huungua, na gharama ya matengenezo huwa mara nyingi ya gharama ya ndoo ya maji na brashi.

Hatari ya pili ni moto. Bomba la moshi, hasa karibu na injini, hufikia joto la digrii mamia kadhaa. Nyasi kavu zilizonasa juu yake au chini ya gari baada ya kupita njia yenye majani marefu zaweza kushika moto, na vumbi lililolowa mafuta likauchochea.

Sasa tuje kwenye kazi yenyewe. Kwanza, injini ipoe kabisa. Kamwe usifungue kifuniko cha rejeta ikiwa bado ya moto. Kifuniko hicho huzuia mvuke kwa makusudi, ili shinikizo lipande na maji yasichemke hata yakifika digrii 115 au 120. Ukikifungua, shinikizo hushuka ghafla, na maji hayo hugeuka mvuke papo hapo na kumrukia aliyesimama mbele. Aidha, kumwagia maji baridi injini ya moto huweza kupasua chuma, kwa sababu upande mmoja husinyaa kabla ya mwingine.

Pili, tenganisha betri, ukianza na waya wa hasi. Katika magari mengi ya leo bodi yote imeunganishwa na hasi. Ukianza na chanya, spana ikigusa bodi itapitisha umeme mwingi na kutoa cheche. Isitoshe, feni za umeme huweza kuanza kuzunguka zenyewe hata injini ikiwa imezimwa, zikakata vidole.

Tatu, ondoa vilivyo vikavu vikiwa vikavu. Okota majani kwa mkono, kisha tumia brashi laini. Tope likitiwa maji kabla ya kufagiwa huingia ndani zaidi. Rejeta isafishwe kwa maji ya bomba yasiyo na nguvu, yakielekezwa kutoka upande wa injini kwenda mbele, kinyume cha njia iliyoingiza uchafu. Maji ya pampu yenye nguvu hulaza vibati na kuziba njia tuliyotaka kuifungua. Tazama pia nafasi iliyo kati ya rejeta na kipoozeo cha mtambo wa hewa baridi, kwa gari lililo nao; mbegu nyingi hujificha hapo.

Nne, funika kwa nailoni alteneta, mdomo wa chujio la hewa, na visanduku vya umeme. Palipo na mafuta, tumia kitambaa chenye maji ya sabuni. Usitumie petroli. Mvuke wake huwaka hata katika baridi ya digrii 40 chini ya sifuri, nao ni mzito kuliko hewa, hivyo hutambaa sakafuni mpaka ukutane na jiko au sigara.

Unga mweupe kwenye vichwa vya betri huondolewa kwa maji yenye magadi kidogo, mradi yasiingie ndani ya betri. Magadi ni besi, nayo huiua asidi. Povu utakaloliona ni hewa ya kaboni dayoksaidi. Vaa glavu na ukinge macho.

Mwalimu aweza kulionyesha jambo hili darasani. Chukua makopo mawili yaliyo sawa, utie maji ya moto ya kipimo kimoja. Moja uliache wazi mbele ya feni au kipepeo. La pili ulizungushie nyasi kavu za unene wa sentimeta tano. Wanafunzi wapime joto kila baada ya dakika mbili na kuchora grafu. Wataona kwamba nyasi zile zile ambazo mama huzitia katika kapu ili wali usipoe, ndizo zinazoinyima injini pumzi.

Basi lengo la kusafisha chini ya boneti si kuipamba injini. Vumbi jembamba juu ya chuma halina madhara makubwa. Lililo muhimu ni kwamba njia ya hewa iwe wazi, bomba la moshi lisiwe na majani, na maji yasiingie kwenye umeme. Anayezifahamu sababu hizi atajua mwenyewe mahali pa kusugua kwa bidii na mahali pa kuacha, hata kwa gari asilowahi kuliona.