Kitabu Kimoja kwa Wanafunzi Wote: Maana ya "Kusoma Pamoja"

Katika vyuo vikuu vingi vya Marekani iko desturi ya kuwapa wanafunzi wapya kitabu kimoja, wakisome nyumbani wakati wa likizo, kisha wafikapo chuoni wakutane katika vikundi vidogo kukijadili. Kusudi ni kwamba mwanafunzi wa hesabu na yule wa historia, ambao hawajapata kuonana, wawe na jambo la kuzungumza tangu siku za kwanza.

Jambo hili laonekana jepesi; lakini mwaka 2002, katika Chuo Kikuu cha North Carolina huko Chapel Hill, lilifika mahakamani. Kitabu kilichochaguliwa, muda usiotimia mwaka baada ya mashambulio ya Septemba 11, 2001, kilikuwa "Approaching the Qur'án" cha Michael Sells, chenye tafsiri ya sura za Kurani zilizoteremshwa mwanzoni, maelezo yake, na santuri ndogo yenye sauti za wasomaji. Chama kimoja cha Kikristo kilishtaki, kikidai kwamba chuo cha serikali chawafundisha vijana dini. Chuo kilikwisha kutoa ruhusa: ambaye imani yake yamkataza kusoma asisome, ila aandike ukurasa mmoja kueleza sababu. Mahakama ilikataa kuuzuia mpango, ya rufani nayo ikakataa, na mijadala ikafanyika mwezi wa Agosti.

Kwa wenye kushughulika na lugha, ugomvi huu ni wa maana ya kitenzi. Walalamikaji walichukulia kwamba kusoma ni kukubali. Tusifanye haraka kuwacheka. Katika Buganda, mwishoni mwa karne ya 19, walioingia dini mpya waliitwa "abasomi", yaani wasomaji, na mzizi wa neno hilo ndio huu wetu. Katika Kiswahili mtu husoma barua, husoma chuoni, na husoma maulidi. Na katika hili la tatu hakuna amwulizaye msomaji maoni yake. Ile santuri ya Sells, iliyowekwa ili mgeni ausikie mvumo wa Kiarabu, Mswahili angeiita "kusoma" bila kusita.

Hapo ndipo mfasiri apatapo taabu. Akiandika "mpango wa kusoma pamoja", msikilizaji wa pwani aweza kufikiri khitma, ambamo juzuu 30 hugawanywa baina ya waliohudhuria na Kurani ikatimia katika kikao kimoja. Huko kila mmoja husoma sehemu yake, na wote hushiriki thawabu. Chapel Hill kila mmoja alisoma maneno yale yale, peke yake, na kilichoshirikiwa ni mabishano. Hata aliyekataa alipewa nafasi kwa ukurasa wake mmoja, nami naona huo ndio uliokuwa uamuzi wa busara kuliko yote. Kwa hiyo "kitabu cha mjadala" chafaa zaidi, ingawa neno la kusoma limepotea humo.